Dk. Solomon Fuller: Mwana wa Liberia aliyetangulia kuuchunguza ugonjwa wa Alzheimer

JINA la Alois Alzheimer, tabibu wa Kijerumani, hutajwa kila siku katika hospitali za dunia nzima kwa sababu ya ugonjwa unaowanyang'anya watu kumbukumbu na akili, hasa uzeeni. Jina la Dk. Solomon Carter Fuller, Mwafrika aliyefanya kazi katika maabara yake mjini Munich na kisha akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuueleza ugonjwa huo kwa Kiingereza, lilikaa gizani kwa miongo mingi.

Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, Agosti 11, 1872. Babu yake mzaa baba alikuwa mtumwa huko Virginia, Marekani, ambaye alijikomboa kwa fedha zake mwenyewe kabla ya kuhamia Liberia na jamaa zake. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa na ofisa wa serikali. Kwa upande wa mama, wazazi wake walikuwa wamisionari waliojua pia kazi ya utabibu, na huenda hapo ndipo kijana huyo alipoanza kuvutwa na taaluma hiyo.

Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 17, aliivuka bahari kurudi katika nchi ile ile ambayo babu yake aliikimbia. Alisoma Chuo cha Livingstone, mjini Salisbury, North Carolina, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi, akahitimu mwaka 1893. Masomo ya udaktari aliyaanzia Brooklyn, New York, na kuyamalizia Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1897.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Westborough, Massachusetts. Enzi hizo hospitali za namna hiyo zilikuwa na uwezo mdogo sana wa kutibu. Mgonjwa alilishwa, alilindwa, na wengi walifia humo bila yeyote kujua kilichowasibu. Fuller alishika njia ambayo madaktari wachache waliipenda, yaani kuufuata ugonjwa hadi katika chumba cha maiti. Mwaka 1899 alikuwa tayari mkuu wa kitengo cha patholojia hospitalini hapo, na mwaka huo huo akaanza kufundisha katika chuo alichohitimu.

Wakati huo hapakuwapo mashine ya kuupiga picha ubongo wa mtu aliye hai. Aliyetaka kuuona ilimbidi asubiri kifo. Ubongo ulitolewa, ukagandishwa kwa dawa, ukakatwa vipande vyembamba mno, kisha vikatiwa rangi ili seli za neva zionekane chini ya hadubini. Mafundi wa kazi hiyo walikuwa Ujerumani.

Mwaka 1904 Fuller aliwaendea huko huko. Katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Munich, iliyokuwa chini ya Profesa Emil Kraepelin, Alzheimer alimteua kuwa mmoja wa wageni watano wa kufanya utafiti katika maabara yake. Huko Fuller alijifunza mbinu mpya za kutia rangi, zikiwamo zile zilizotumia madini ya fedha kuzifanya nyuzi nyembamba za ndani ya seli zionekane. Kabla ya kurejea alipata nafasi ya kuzungumza mchana mzima na Paul Ehrlich, mwanasayansi aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Inafaa kukumbuka kwamba katika majimbo mengi ya Marekani ya wakati huo, mtu wa rangi yake hakuruhusiwa hata kukaa behewa moja na wazungu.

Baadhi ya waandishi humweka Fuller kando ya Alzheimer siku ubongo wa Auguste Deter, mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa huo, ulipofunguliwa. Kalenda haikubali. Mama huyo alifariki Frankfurt Aprili 1906, na Alzheimer akamzungumzia hadharani mjini Tübingen Novemba mwaka huo, wakati Fuller ameshakwisha kurudi Westborough. Sifa zake hazihitaji nyongeza hiyo.

Mwaka 1907, mwaka ule ule Alzheimer alipochapisha taarifa yake fupi juu ya Auguste Deter, Fuller naye alitoa utafiti mpana kuhusu nyuzi za seli za neva katika maradhi mbalimbali ya akili, likiwamo la wazee kupotewa na akili. Mwaka 1911 akafuatisha uchunguzi wa mabaka madogo yanayoonekana katika bongo za wazee. Mwaka 1912, miaka miwili tu baada ya Kraepelin kuupa ugonjwa huo jina la Alzheimer, Fuller alieleza kisa cha mgonjwa wake mwenyewe na kuvikusanya pamoja visa vyote vichache vilivyokuwa vimekwisha kuchapishwa, akaiweka kwa Kiingereza sehemu kubwa ya habari za Auguste Deter.

Hata hivyo, thamani ya kazi hiyo haikuwa katika kukusanya peke yake. Wengi waliamini kwamba akili ya mzee huharibika kwa sababu mishipa ya damu ya ubongo imekakamaa. Fuller alionyesha kuwa walikuwapo wagonjwa ambao mishipa yao haikuwa na hitilafu ya kutosha kulieleza tatizo. Aliwapinga pia waliotaka kuyafanya mabaka na mafundo ya nyuzi kuwa alama ya pekee ya ugonjwa wa Alzheimer, kwa kuwa aliyakuta hata kwa watu ambao hawakuwa na ugonjwa huo. Ni nadra mwanafunzi kuyatilia shaka mambo yaliyompa mwalimu wake jina.

Shaka hiyo haikuzikwa naye. Mwaka 2004 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, na Uppsala, Sweden, walichapisha matokeo ya njia ya kuyaona mabaka hayo katika ubongo wa mtu aliye hai, kwa kudunga mshipani dawa yenye mionzi hafifu ambayo hunata kwenye mabaka na kuonekana katika picha za mashine. Picha za namna hiyo zimedhihirisha kwamba wapo wazee wenye mabaka mengi lakini akili zao ni timamu, na mabishano juu ya chanzo halisi cha ugonjwa yanaendelea hadi leo.

Mwaka 1909 Fuller alihudhuria mkutano wa Chuo Kikuu cha Clark, Worcester, ambako Sigmund Freud alitoa mihadhara yake pekee katika ardhi ya Marekani. Mwaka huo pia alimwoa Meta Vaux Warrick, mchongaji sanamu kutoka Philadelphia aliyesomea Paris na kusifiwa na Auguste Rodin. Walijenga nyumba Framingham, karibu na Westborough, na majirani wazungu walijaribu kuwazuia wasihamie. Wakahamia, wakalea watoto watatu wa kiume. Nyumbani Fuller alipenda bustani na kujalidi vitabu kwa mikono yake. Kwa haki ya mkewe isemwe pia kuwa kipaji chake hakikupata nafasi iliyostahili ndani ya ndoa hiyo.

Chuoni mambo hayakuwa mepesi. Fuller aliondoka Westborough mwaka 1919, akaendelea kufundisha Boston. Kwa takriban miaka mitano alifanya kazi zote za mkuu wa idara ya magonjwa ya neva bila kupewa cheo wala mshahara wake. Mwaka 1933 mzungu aliyekuwa chini yake alipandishwa kuwa profesa kamili na kukabidhiwa idara. Fuller akastaafu. Baadaye alikiri waziwazi kwamba angefika mbali zaidi kama si rangi ya ngozi yake.

Pamoja na hayo, aliwafungulia wengine mlango. Hospitali ya askari wastaafu weusi ilipoanzishwa Tuskegee, Alabama, mwaka 1923, yeye ndiye aliyesaidia kuwapata na kuwafunza madaktari vijana weusi wa magonjwa ya akili waliokwenda kushika nafasi muhimu huko. Nyumbani kwake aliendelea kuwatibu wagonjwa, weusi kwa weupe.

Kisukari kilimwandama uzeeni. Kufikia mwaka 1944 mtu aliyeishi kwa kutazama hadubini alikuwa kipofu, na Meta ndiye aliyemtunza. Dk. Fuller alifariki Januari 16, 1953, akiwa na umri wa miaka 80.

Miaka ya 1970 kituo cha afya ya akili mjini Boston, karibu na chuo alichokitumikia, kilipewa jina lake, na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kina tuzo inayoitwa kwa jina hilo. Framingham nako, mji ambao majirani hawakuwataka, kuna shule iliyopewa jina la Fuller kwa heshima ya daktari huyo na mkewe.