Édouard Lucas: Mwalimu aliyeithibitisha namba ya tarakimu 39 kwa mkono

Miaka 75 ilipita kabla ya kupatikana namba tasa kubwa kuliko ile aliyoithibitisha mwalimu mmoja wa Ufaransa mwaka 1876, akiwa hana kompyuta wala mashine ya hesabu. Mwalimu huyo ni Édouard Lucas.

Alizaliwa mjini Amiens Aprili 4, 1842. Baada ya masomo ya juu jijini Paris alifanya kazi katika kituo cha elimu ya nyota cha jiji hilo, akawa ofisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 hadi 1871, na vilipokwisha akashika chaki katika shule za sekondari.

Kilichomshughulisha ni madai ya mtawa Marin Mersenne, aliyeandika mwaka 1644 kwamba ukiipandisha 2 kwa vipeo fulani, vikiwamo 67 na 127, kisha ukatoa 1, utapata namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa kipeo cha 127 jawabu ni 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Kuijaribu kwa kigawo kimoja baada ya kingine kungemaliza umri wa vizazi na vizazi.

Lucas alipita njia nyingine. Mfuatano wake huanza na 3. Kila namba huzidishwa kwa yenyewe na kupunguzwa 2, hivyo hufuata 7, kisha 47, na kila hatua hubakizwa baki tu la kugawanya kwa namba inayochunguzwa. Baki la hatua ya 126 likiwa sifuri, namba hiyo ni tasa. Kosa la tarakimu moja tu lingeharibu kazi yote.

Kuhusu 67, Mersenne alikosea. Lucas alijua kuwa namba yake inagawanyika, ila vigawo vyenyewe hakuviona. Mmarekani Frank Nelson Cole ndiye aliyevitaja mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Umma ulimjua zaidi kwa mchezo wa Mnara wa Hanoi, alioutoa mwaka 1883 kwa jina la bandia. Kuhamisha sahani zake 64, kwa hatua moja kila sekunde, kungechukua zaidi ya miaka bilioni 580.

Kifo chake kilikuja kwa jambo dogo la kusikitisha. Katika karamu ya mkutano wa wanasayansi mwaka 1891, chombo cha mezani kilianguka na kipande chake kikamkata shavuni. Jeraha liliingia maambukizi, akafariki Oktoba 3 akiwa na miaka 49.

Katika miaka ya 1930 Mmarekani Derrick Henry Lehmer aliirahisisha kanuni yake. Kwa kanuni hiyo ilithibitishwa mwaka 2024 namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, safari hii kwa kompyuta.