Nabii Daudi (A.S.), Mfalme Mfua Chuma

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Mitume wote waliomtangulia, na jamaa zao na sahaba zao. Ama baada ya hayo:

Katika mfululizo wetu wa maisha ya Mitume tumefika kwa Nabii Daudi (A.S.). Waislamu wengi wanamjua kwa mambo matatu: kumwua Jalut, kupewa Zaburi, na kuwa baba wa Nabii Sulaiman (A.S.). Liko jambo la nne, ambalo Qur'ani imelitaja katika Sura ya Anbiyaa na katika Sura ya Sabaa, nalo si aghalabu kulisikia likielezwa barazani kwetu. Nalo ni kwamba alikuwa mfua chuma, aliyetengeneza deraya kwa mkono wake. Tumeona hilo ndilo la kulikalia safari hii, kwa kuwa linatugusa watu wa pwani pale panapouma.

Maana tuseme kweli. Jembe la mfua chuma twalilimia, kisu chake twachinjia, na misumari yake ndiyo iliyoshika mbao za majahazi ya wazee wetu. Lakini akija kuposa, watu hutazamana. Na ndugu zetu waliotoka pwani wakafuata biashara mpaka Kisumu, na mpaka bandari ndogo ya Asembo Bay katika ufuo wa ziwa la Nyanza, wako miongoni mwao walioichukua tabia hiyo pamoja na mizigo yao. Mtoto wa dukani akionekana amekaa kando ya tanuri la mfua chuma, akipinda waya kwa kupenda kwake tu, huitwa haraka arudi nyumbani, kana kwamba ameonekana mahali pa haramu. Basi na tuyatazame maisha ya Mtume huyu, kisha kila mmoja wetu aihukumu nafsi yake.

Daudi alizaliwa katika Bani Israili, katika ukoo wa Yahudha mwana wa Nabii Yaakub (A.S.), yapata miaka elfu moja na zaidi kidogo kabla ya Nabii Isa (A.S.). Vitabu vya kale vya Mayahudi vyasema kwamba kwao ni Bethlehem, na kwamba alikuwa mdogo wa ndugu zake, kazi yake kuchunga kondoo wa baba yake. Vitabu hivyo vyasimulia pia jambo ambalo halipingani na dini yetu, nalo lafaa kukumbukwa. Siku zile Bani Israili walikuwa wanyonge mbele ya jirani zao Wafilisti, na Wafilisti hawakuacha mfua chuma hata mmoja katika nchi nzima ya Israili, wasije wakajifanyia mapanga na mikuki. Mkulima aliyetaka kunoa shoka au mundu wake alishuka mpaka kwa adui yake, akamlipa ampe makali. Na ilipofika siku ya vita, jeshi zima halikuwa na upanga wala mkuki, isipokuwa kwa mfalme na mwanawe.

Watu wa Asembo hawahitaji kwenda Sham kulifahamu jambo hilo. Zamani majembe ya kando ya ziwa yalitoka kwa wafua chuma wa Samia, katika vilima vilivyo upande wa kaskazini-magharibi, penye mpaka wa Kenya na Uganda. Watu hao walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyokwenda masokoni na hata kutolewa mahari. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, yakaja majembe ya viwandani kutoka ng'ambo, mengi na ya bei nafuu, na matanuri ya kuyeyushia chuma yakapungua mpaka yakazimika. Hapakuwa na amri ya Mfilisti, bei ilitosha. Lakini mwisho wake wafanana: mkulima akabaki kungojea makali yatoke katika mkono wa mtu wa mbali. Watu wanaomdharau mfua chuma wao hufika hapo kwa hiari, bila ya adui kuwalazimisha.

Turudi kwa Daudi. Mwenyezi Mungu aliwawekea Bani Israili mfalme, naye ni Talut, akatoka nao kwenda kupigana na Jalut. Vile vitabu vya kale vyasema kwamba Jalut alitoka amevaa kofia ya shaba na deraya ya magamba ya shaba yenye uzito wa kadiri ya kilo 57. Talut akamvika Daudi vazi lake la vita. Kijana akajaribu kutembea nalo, akaliona lamzuia, akalivua. Akaenda na kombeo lake na mawe, na Qur'ani yatueleza kwamba Daudi alimwua Jalut kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Basi yule ambaye baadaye atakuwa mfua deraya mkuu aliingia vita vyake vya kwanza bila deraya, kwa sababu aliyopewa haikupimwa kwa mwili wake.

Baada ya Talut, Mwenyezi Mungu akampa Daudi ufalme na hekima. Akatawala kwa muda wa miaka 40: saba alikaa katika mji wa Al-Khalil, na 33 katika Baitul Muqaddas. Alikuwa na askari, na hazina, na watumishi. Hakuhitaji kushika nyundo apate chakula chake.

Wafasiri wamepokea riwaya kwamba alikuwa na desturi ya kutoka amejigeuza, akiwauliza raia zake juu ya mwenendo wa mfalme wao. Watu wakimsifu. Siku moja akakutana na Malaika katika sura ya binadamu, akamwuliza lile lile. Malaika akamjibu kwamba mfalme ni mtu mwema sana, lau si kwamba chakula chake na cha jamaa zake chatoka katika hazina ya umma. Daudi akarudi nyumbani na neno hilo limemwingia moyoni, akamwomba Mola wake amfundishe kazi ya mkono itakayomtosha. Ndipo alipolainishiwa chuma na kufundishwa kutengeneza deraya. Akawa akizifanya na kuziuza, akila katika thamani yake na kuwapa maskini. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna chakula kilicho bora kuliko kile mtu akipatacho kwa kazi ya mkono wake, akatupigia mfano kwa Daudi huyu huyu.

Wanavyuoni wamesema kwamba chuma kilikuwa mkononi mwake kama nta au unga uliokandwa, hakuhitaji moto wala nyundo. Huo ulikuwa muujiza wake. Lakini tuzingatie: Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, hakumteremshia deraya zilizokwisha kutengenezwa. Kukunja, kupima na kuunganisha kulibaki juu yake.

Tena kazi yenyewe si ndogo. Qatada, katika wafasiri wa mwanzo, alieleza kwamba kabla ya Daudi deraya zilikuwa mabamba, na yeye ndiye wa kwanza kuzisuka kwa pete. Bamba ni zito na humbana mtu. Vazi la pete humfuata mwili, humwachia mkono uzunguke na mgongo uiname. Asiyekuwa na muujiza huanza na uzi wa chuma. Huuzungusha juu ya ufito, duara juu ya duara, kisha hukata upande mmoja, zikaanguka pete moja moja. Ncha za kila pete huzipishanisha, akazipondaponda ziwe bapa, akazitoboa tundu. Pete hiyo huipitisha katika pete nne za jirani zake, ndipo huifunga kwa kipini chembamba apitishacho tunduni na kukiponda kisitoke. Deraya moja ya kumfunika mtu kifua na mgongo hula maelfu ya pete, na mfuaji huweza kuikalia kwa miezi. Deraya za pete zilizo kongwe kupita zote katika zile zilizofukuliwa ni za karne ya tatu hivi kabla ya Nabii Isa (A.S.), nazo zilipatikana Ulaya, na chuma huliwa na kutu, ardhi haituwekei kila kitu.

Katika amri aliyopewa Daudi mna neno la kupima. Wafasiri wameeleza maana yake kwa lugha ya fundi: kipini kisiwe kinene kikaipasua pete, wala kisiwe chembamba kikachezacheza tunduni. Hapo ndipo ilipo dini katika nyundo. Anayevaa deraya haioni pete mbovu. Aliyeiona ni mfuaji peke yake, siku alipoifunga usiku amechoka, akasema moyoni kwamba moja katika maelfu haidhuru. Mkuki hautafuti pete elfu zilizo nzima, wapita katika hiyo moja. Kwa hiyo kila deraya aliyoiuza Daudi ilikuwa amana ya roho ya mtu, na kipimo chake kilikuwa ibada kama vile kisimamo chake cha usiku.

Na kisimamo hicho kinajulikana. Mtume wetu (S.A.W.) ametueleza kwamba sala ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni sala ya Daudi, na saumu ipendezayo zaidi ni saumu yake: alilala nusu ya usiku, akasimama thuluthi yake, akalala sudusi, na alifunga siku moja akafungua ya pili. Milima na ndege walimsabihi Mwenyezi Mungu pamoja naye. Mchana aliwahukumu watu waliogombana. Mtu wa namna hii alipata wapi wakati wa kukunja pete? Aliupata, kwa kuwa hakuiona kazi ya mkono kuwa inamwibia ibada yake.

Tutazame pia alichochagua kufanya. Mfalme mwenye maadui pande zote angeweza kutafuta sifa kwa kufua mapanga. Qur'ani yataja deraya, na yataja faida yake kuwa ni kuwakinga watu katika vita vyao, kisha yatudai shukrani kwa neema hiyo. Chuma kilichokuwa mkononi mwake kikawa cha kuhifadhi uhai.

Yasimuliwa kwamba Luqman mwenye hekima alimkuta Daudi akisuka deraya, wala hakuwa amepata kuiona. Akatamani kuuliza ni kitu gani, hekima ikamzuia. Akakaa, akatazama, mpaka Daudi alipomaliza, akasimama akaivaa, na Luqman akajua bila kuuliza. Watu huihadithia habari hii kwa kusifu kunyamaza. Sisi twaongeza kwamba mwenye hekima hakuona aibu kukaa kitako karakanani, saa baada ya saa, akiitazama kazi ya mkono mpaka mwisho wake.

Daudi alipofariki, Sulaiman alirithi nafasi yake, na deraya zikabaki kwa walimwengu. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alivaa deraya, siku ya Uhud alivaa mbili, moja juu ya nyingine, na alipofariki deraya yake ilikuwa imewekwa rahani kwa pishi thelathini za shayiri. Waarabu wa Makka walikuwa wakiwadharau wafua chuma, na Khabbab bin al-Aratt, aliyekuwa mfua mapanga, alidhulumiwa ujira wake na mkubwa mmoja wa Kikureshi. Naye ni katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu. Na Mtume alipopata mwanawe Ibrahim, alimpeleka kunyonyeshwa katika nyumba ya Abu Saif, mfua chuma wa Madina. Alikuwa akienda kumtazama, akiingia katika nyumba iliyojaa moshi wa tanuri, akimchukua mwanawe na kumbusu. Basi ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliridhika na nyumba ya mfua chuma kwa mwanawe wa kunyonya, sisi twaikataa kwa nasaba gani?

Huenda mtu akasema: hayo ni ya zamani, leo deraya haihitajiwi na askari. Kweli. Lakini hata leo wako watu katika Ulaya na Marekani ambao jioni, baada ya kazi zao za ofisini, hukaa na koleo mbili wakasuka deraya, pete kwa pete, si kwa vita wala kwa njaa. Wanachokipata ni mkono uliozoea kupima na jicho lisiloridhika na pete iliyolegea. Mkono huo, ukitakiwa kesho kufunga bawaba ya mlango, au kutengeneza nanga ya mashua ya mvuvi wa Asembo, hautamwibia mtu.

Basi twawanasihi ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Unguja na kila mji wa pwani, na waliotawanyika mpaka kando ya Nyanza: mtoto akionyesha kupenda kazi ya chuma, asiitwe kutoka tanurini kwa aibu. Apelekwe kwa fundi mwaminifu, afunzwe kipimo kabla ya nguvu. Na akija kuposa, aulizwe dini yake na tabia yake, nyundo yake isiwe kasoro. Lugha yetu yenyewe imeweka kuchuma na chuma katika neno moja, na wazee walisema kwamba mchumia juani hula kivulini. Daudi alikuwa na kivuli cha ufalme tayari, na bado alichuma.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali itokayo katika mikono yetu, na atuondolee kiburi kisichokuwa na asili katika dini yetu. Wabillahi tawfiq.