ALIKUWA NA KILA KITU ILA AMANI

Kijana mwenzangu, hebu simama kidogo usome. Unadhani ukipata hela, jina na marafiki ndipo utafurahi? Basi mwangalie huyu aliyekuwa navyo vyote.

Charles Studd alizaliwa Uingereza mwaka 1860. Baba yake alikuwa tajiri aliyechuma mali India. Kijana akawa nyota wa kriketi. Mwaka 1882 aliichezea timu ya taifa dhidi ya Australia, na 1883 akawa kapteni wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Watu walimshangilia kila mahali!

Alikuwa ameokoka tangu shuleni, lakini sifa zikampoza. Kwa miaka sita hakumshuhudia mtu Yesu, na amani ikamtoka. Ndipo kaka yake, George, akaugua karibu na kufa. Charles akakaa kando ya kitanda akijiuliza umaarufu unamfaa nini mtu anayekata roho. Jibu lilikuwa wazi: haumfai kitu. George akapona, naye Charles akamrudia Bwana kwa moyo wote.

Mwaka 1885 yeye na wenzake sita walikwenda China kuhubiri Injili. Akiwa huko urithi wake ukamfikia: pauni 29,000, mali nyingi sana siku zile. Unajua alifanya nini? Karibu zote alizitoa kwa kazi ya Mungu na kwa maskini. Zilizobaki, pauni 3,400, akampa mchumba wake Priscilla. Dada huyo naye hakutaka kuzishika! Wakazitoa zote, wakafunga ndoa 1888 bila akiba.

Je, maisha yalikuwa mteremko? Hapana. Pumu ilimtesa. Madaktari walimwonya asije Afrika, lakini mwaka 1913 aliingia Kongo akiwa na zaidi ya miaka 50. Mke wake alibaki Uingereza, wakatengana miaka mingi. Hayo yaliwauma wote wawili. Lakini ile amani iliyomtoka zamani haikumtoka tena. Alifia Ibambi, Kongo, Julai 1931, akimsifu Mungu.

Ndugu yangu, furaha ya disko na pombe inaisha asubuhi. Furaha ya Yesu inakaa hata mfuko ukiwa mtupu, kwa sababu yeye hubadilisha moyo wenyewe. Usingoje mpaka kitanda cha ugonjwa kikuulize. Hapo ulipo, tubu, mwambie Yesu aingie moyoni mwako. Leo hii!