Tom Blake, Mwasisi wa Pezi la Ubao wa Mawimbi

Mchezaji wa ubao wenye tanga akitaka kujua mahali pa kufungia kanda za miguu, hutazama kwanza upande wa chini, lilipo pezi. Ukanda wa nyuma hufungwa karibu juu yake, kwani mguu wa nyuma ndio unaolisukuma pezi dhidi ya maji na kuufanya ubao ushike njia. Ukanda ukibana, mguu hauchomoki upesi. Ukilegea mno, mguu huzama hadi kifundoni, na anayeanguka katika hali hiyo huweza kuvunjika. Kipimo ni vidole kuchungulia upande wa pili. Kanda hizo zilianza kutumiwa Kailua, Hawaii, mwaka 1977. Pezi lina umri mkubwa zaidi, na aliyelileta ni Mmarekani Tom Blake.

Blake alizaliwa Machi 1902 mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, akalelewa na jamaa. Masomo aliyaacha mapema, akawa mtu wa kuhamahama na vibarua. Mwaka 1920, katika jumba la sinema huko Detroit, alipeana mkono na Duke Kahanamoku, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea kutoka Hawaii. Salamu hiyo fupi ilimgeuza. Miaka miwili baadaye alishinda mbio za kitaifa za kuogelea maili 10, na mwaka 1924 akafika Hawaii kwenyewe.

Katika Makumbusho ya Bishop, Honolulu, alikuta mbao kuukuu za machifu, ndefu na nzito kupindukia. Alizikarabati, kisha akachonga mfano wake na kuutoboa mamia ya matundu, akayaziba juu ili uwe mwepesi. Baadaye aliacha kutoboa; akaunda ubao mtupu ndani wenye mbavu, mithili ya bawa la ndege, na kupata hataza mwaka 1932. Alipoanza kuwaacha wenzake nyuma katika mashindano, walinung'unika kwamba chombo kile hakikuwa ubao tena. Manung'uniko hayo hayakuwa ya bure, ingawa wengi walioyatoa walikuja kuuiga.

Lakini wepesi ulikuwa na gharama yake. Mbao za enzi hizo zilikuwa bapa chini, hazina cha kushika maji. Mpandaji aliongoza kwa kuburuta mguu mmoja baharini, na wimbi lilipokuwa la mwinuko, mkia uliteleza kando akatupwa. Mwaka 1935, Blake alichukua mkuku wa motaboti iliyotelekezwa, wenye urefu wa takriban sentimita 30 na kina cha sentimita 10, akaukaza chini ya mkia wa ubao wake huko Waikiki. Ubao haukuteleza tena, na mguu uliokuwa ukiburutwa ukabaki juu, huru kukanyaga na kuelekeza.

Ajabu ni kwamba wenzake hawakulikimbilia pezi hilo. Ilichukua takriban miaka 10 kabla ya kuenea. Blake naye alikuwa ameshajaribu mengine: alisimamisha tanga juu ya ubao na kuweka usukani wa kuendeshwa kwa miguu. Tanga lenye mlingoti unaoinamishwa kila upande, ambalo halikuhitaji usukani wowote, lilikuja baadaye kupitia hataza ya Jim Drake na Hoyle Schweitzer, iliyotolewa mwaka 1970.

Ndoa yake ilikuwa fupi, na mali hakujilimbikizia. Alifanya kazi ya uokoaji ufuoni, akahudumu katika kikosi cha walinzi wa pwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha mwaka 1955 akaihama Hawaii. Uzeeni alirejea Wisconsin. Alifariki huko Mei 1994 akiwa na umri wa miaka 92, mbali na bahari.