Maisha ya Robert Koch

Miongoni mwa majina ya maradhi yaliyo katika ngeli ya KI-VI yamo matatu yanayofungamana na jina la mtu mmoja: kimeta, kifua kikuu na kipindupindu. Mtu huyo ni Robert Koch, tabibu wa Kijerumani, ambaye alifika hata katika visiwa vya Ssese vya Ziwa Victoria, akaacha huko kumbukumbu isiyokuwa njema yote. Mwalimu mwanafunzi atakayesoma habari zake na aangalie jinsi njeo ya LI inavyofungua masimulizi na KA inavyoyaendeleza. Lakini asizisome kwa ajili ya sarufi peke yake.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, ambako baba yake alikuwa afisa wa migodi. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Husimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kuwaonyesha kuwa amejifundisha kusoma mwenyewe, kwa kufuatisha magazeti tu. Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen akasomea udaktari. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, aliyekuwa amekwisha kuandika tangu mwaka 1840 kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo sana. Wazo hilo lilikuwapo, ila hapakuwa na aliyeweza kulithibitisha. Koch alihitimu mwaka 1866, akaoa mwaka uliofuata, akahamahama kutafuta kazi, akahudumu katika vita vya Wajerumani na Wafaransa, na hatimaye mwaka 1872 akawa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo nchini Poland.

Huko Wollstein hakuwa na maabara wala maktaba, wala mwenzake wa kushauriana naye. Alikuwa na hadubini aliyopewa na mkewe, na chumba cha kutibia wagonjwa. Wilaya ile ilisumbuliwa na kimeta, ugonjwa ulioua kondoo na ng'ombe na mara kwa mara watu pia. Koch alichukua damu ya wanyama waliokufa, akaitia ndani ya panya kwa vijiti vyembamba vya mti, akaona panya nao wakifa, na damu yao imejaa vijidudu vilevile vyenye umbo la fimbo. Hakutosheka na hayo. Aliviotesha vijidudu hivyo katika majimaji ya jicho la ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikawa haiwezekani tena kudai kwamba ni kitu kingine cha ile damu ya kwanza kilichoua. Aliona pia kwamba hali ikiwa mbaya vijidudu hujigeuza kuwa mbegu ngumu, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikiwa hai. Ndiyo sababu malisho yaliyowahi kuwa na kimeta huweza kuua tena wakati watu wamekwisha kusahau. Mwaka 1876 alifunga virago akaenda kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn katika mji wa Breslau. Mganga wa kijijini, asiyejulikana na mtu, aliwaonyesha mabingwa wa chuo kikuu jambo ambalo wao hawakulipata.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Kazi aliyoifanya huko katika miaka miwili ya kwanza ndiyo iliyomweka juu ya wengine, nayo haikuwa na fahari yoyote ya nje. Tatizo lilikuwa hili: katika tone moja la maji au la maziwa vimo vijidudu vya namna nyingi vimechanganyika, na ukivitia katika supu vitaongezeka vyote pamoja, usiweze kusema ni kipi kinacholeta ugonjwa. Koch aliona kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichochemshwa na kuachwa wazi huota madoa madogo ya rangi mbalimbali, na kila doa ni ukoo wa kijidudu kimoja. Hivyo basi kilichohitajika ni kitu kigumu cha kuoteshea badala ya majimaji. Alijaribu jelatini, nayo ikayeyuka kwa joto. Suluhisho lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake Walther Hesse, alikuwa akigandisha vyakula vyake kwa agari, utomvu wa mwani wa baharini usioyeyuka upesi, akashauri utumiwe. Koch alipoitaja agari katika maandishi yake ya mwaka 1882 hakumtaja mama huyo. Msaidizi mwingine, Julius Richard Petri, alibuni mwaka 1887 kile kisahani chenye kifuniko ambacho hata sasa huitwa kwa jina lake. Maabara nyingi zipimazo maji, maziwa au nyama leo hii, hufanya kwa agari na kisahani.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alisimama mbele ya wataalamu wa Berlin akawaeleza kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Habari hizo zilienea duniani kwa majuma machache, na baadaye, mwaka 1905, zilimpatia Tuzo ya Nobel. Lakini tufuate njia ya maji.

Mwaka 1883 kipindupindu kiliingia Misri. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Koch Aleksandria. Wafaransa nao walituma wanafunzi wa Louis Pasteur. Makundi haya mawili yalikuwa wapinzani, kwa sababu ya sayansi na kwa sababu ya vita vilivyopita. Mwezi wa Septemba, Louis Thuillier, kijana wa Kifaransa wa miaka 27, aliambukizwa akafa. Koch na wenzake walikwenda mazikoni, wakaungana na Wafaransa kulichukua jeneza lake. Kisha kipindupindu kikatulia Misri, naye akaomba ruhusa ya kukifuata India.

Huko Calcutta, mwanzoni mwa mwaka 1884, alipata uhakika aliokuwa akiutafuta. Katika matumbo ya watu waliokufa kwa kipindupindu alikuta kijidudu kilichopinda kama alama ya mkato. Katika maiti za watu waliokufa kwa maradhi mengine hakukikuta. Akakikuta tena ndani ya bwawa la kitongoji kimoja, ambalo watu walifulia ndani yake nguo za wagonjwa na kuteka humo maji ya kunywa. Ni haki kusema kwamba Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amekiona kijidudu hicho huko Florence tangu mwaka 1854, bali hakusikilizwa. Tena Koch hakufanikiwa kumwambukiza mnyama yeyote kipindupindu, na kwa hiyo hakuweza kutimiza masharti ya uthibitisho aliyokuwa akiyadai yeye mwenyewe. Wapinzani wake walilikamata hilo wasiliachie.

Mkubwa wa wapinzani hao alikuwa Max von Pettenkofer wa Munich, mzee aliyeheshimiwa sana kwa juhudi zake za kusafisha miji. Yeye alishikilia kwamba kijidudu peke yake hakiwezi kuua, mpaka pawepo na hali fulani ya udongo. Ubishi huu wa wataalamu ungeweza kubaki vitabuni, kama si mji wa Hamburg.

Hamburg ulikuwa mji tajiri wa bandari, ukijitawala kwa mambo yake ya ndani. Wakuu wake walikuwa wameahirisha kwa miaka mingi kujenga machujio, kwa kuhofia gharama. Maji ya mto Elbe yaliingia mabombani kama yalivyo. Upande wa pili wa mpaka, kiasi kwamba mtaa mmoja ulipokezana na mwingine bila hata kijia katikati, palikuwa na mji wa Altona. Altona nao ulikunywa maji ya Elbe, tena uliyateka chini zaidi, baada ya uchafu wa Hamburg kumwagwa humo. Ila uliyapitisha kwanza katika machujio ya mchanga.

Mwezi wa Agosti 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg. Wagonjwa walikaribia 17,000 na waliokufa walikuwa takriban 8,600. Koch alipelekwa kutoka Berlin, akatembea katika vichochoro vya bandarini, akaagiza watu wagawiwe maji yaliyochemshwa. Halafu alichukua ramani. Kwa upande wa Hamburg wafu walikuwa nyumba kwa nyumba. Kwa upande wa Altona kulikuwa na wachache sana. Udongo ulikuwa mmoja, hewa ilikuwa moja, na watu walikuwa wa hali moja. Palikuwa hata na kundi la nyumba lililokuwa ndani ya Hamburg lakini likipata maji kutoka Altona, na kundi hilo lilisalimika. Sidhani kwamba mtu angeweza kubuni jaribio lililo wazi zaidi ya hilo, na hakuna mtu mwenye utu ambaye angethubutu kulifanya kwa makusudi.

Mwezi wa Oktoba Pettenkofer, akiwa na umri wa miaka 73, aliagiza vijidudu vya kipindupindu akavinywa mbele ya mashahidi. Tumbo lilimwendesha kidogo, akapona, akaamini kwamba ameshinda hoja. Huo ulikuwa ushujaa, lakini haukuwa uthibitisho, kwa kuwa si kila amezaye kijidudu huugua sana. Hamburg, kwa upande wake, haukungoja hoja nyingine. Machujio yalimalizika mwaka 1893.

Koch akaeleza jinsi chujio linavyofanya kazi. Mchanga wenyewe, alisema, hauzuii vitu vidogo kiasi hicho. Kinachovizuia ni utando wa utelezi unaojitanda juu ya mchanga siku chache baada ya chujio kuanza kutumika. Kwa hiyo maji yasiharakishwe: yasishuke zaidi ya milimita 100 kwa saa, utando usije ukapasuka. Kila chujio lipimwe kila siku peke yake, na maji yakionekana kuwa na vijidudu zaidi ya 100 katika sentimita moja ya ujazo, yasipelekwe mjini. Kabla ya hapo maji yalihukumiwa kwa macho, pua na ulimi. Tangu hapo yalihukumiwa kwa kuhesabu.

Mambo mengine ya maisha yake hayakuwa ya ushindi. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu iliyoitwa tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila nchi, na dawa haikuwaponya, wengine ikawazidishia. Mwaka 1893 alimwacha mkewe, yule aliyempa hadubini, akamwoa binti mdogo aliyeitwa Hedwig Freiberg. Watu walinong'ona. Baada ya hapo alisafiri sana: Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka ya ng'ombe, India kwa ajili ya tauni, na pwani yetu ya Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Mwaka 1905, katika koloni la Kijerumani, alichunguza papasi wa vibandani kwenye njia za misafara, akaonyesha kwamba ndio waenezao homa ambayo Waswahili huiita kwa haki homa ya papasi.

Mwaka 1906 alivuka Ziwa Victoria akaenda Ssese. Malale ilikuwa imewaua watu wengi mno kandokando ya ziwa, na visiwa vile vilikuwa vikibaki vitupu. Koch aliweka kambi katika kisiwa cha Bugala, akawatibu wagonjwa kwa maelfu ya sindano za dawa yenye aseniki ndani yake, iliyoitwa Atoxyl. Mwanzoni walipata nafuu, na habari zikavuta wengine kutoka mbali kwa mitumbwi. Kisha ugonjwa ukarudi. Koch aliongeza kipimo cha dawa. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka macho kabisa, wasione tena, ndipo alipoacha kipimo kile kikubwa. Watu wale hawakuulizwa, na majina yao hayasomwi vitabuni pamoja na lake. Mtu aliyedai uthibitisho mkali hivyo kwa vijidudu vya panya hakudai kiasi hicho alipotia dawa katika miili ya watu.

Kosa lake jingine lilihusu maziwa. Katika mkutano wa London mwaka 1901 alitangaza kwamba kifua kikuu cha ng'ombe hakimdhuru binadamu kwa kiasi cha kuhitaji tahadhari. Wengi walishtuka, kwa maana watoto waliokunywa maziwa mabichi walikuwa wakiugua tezi za shingo na matumbo, na serikali ya Uingereza ikaunda tume ya kulichunguza jambo hilo. Koch hakukubali kubadili maneno yake. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo mjini Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, na majivu yake yakawekwa katika taasisi yake mjini Berlin. Tume ilitoa taarifa yake ya mwisho mwaka 1911: kijidudu cha ng'ombe humpata binadamu, na njia yake kubwa ni maziwa yasiyochemshwa.