Tom Wills, mtu aliyewapa Waaustralia mchezo wao

Kila mwaka, kuanzia Novemba hadi Februari, mashabiki wa kandanda ya sheria za Australia hujadili mambo yaleyale. Nahodha amepona jeraha la goti? Vijana wapya waliosajiliwa wana kasi ya kutosha? Klabu iliyomaliza mkiani itaweza kuinuka safari hii? Ligi huanza Machi, lakini kwa shabiki wa kweli msimu huanza siku ile wachezaji wanaporejea mazoezini.

Wanyarwanda wanaoishi Australia wanaufahamu vyema mjadala wa namna hii. Huko Gisimenti, mtaa wa Remera mjini Kigali ulio jirani na Uwanja wa Amahoro, mabishano hupamba moto ligi ya soka inapokaribia. Mashabiki wa Rayon Sports, klabu wanayoiita Gikundiro, na wale wa APR huchambua usajili na mechi za majaribio hadi usiku huku wakila mishikaki. Kila upande huamini kwamba mwaka huu ni wao.

Tofauti ni kwamba kandanda ya Australia yenyewe ilizaliwa kutokana na maandalizi ya msimu. Haikubuniwa ili iwe na mashindano yake. Ilianzishwa ili wachezaji wa kriketi wasinenepe na kulegea wakati wa baridi. Aliyetoa wazo hilo ni Thomas Wentworth Wills, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tom Wills. Sanamu yake imesimama nje ya uwanja mkuu wa Melbourne, lakini maisha yake yanabishaniwa hadi leo.

Mtoto wa mpakani

Tom Wills alizaliwa tarehe 19 Agosti 1835 katika koloni la New South Wales. Babu yake, Edward Wills, aliletwa kutoka Uingereza akiwa mfungwa mwaka 1799. Baba yake, Horatio, alikuwa mfugaji wa kondoo aliyetajirika na baadaye akawa mbunge katika koloni la Victoria.

Mnamo 1840 familia ilihamia magharibi ya eneo ambalo leo ni jimbo la Victoria, karibu na milima ya Gariwerd. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wadjab Wurrung, mojawapo ya Mataifa ya Kwanza ya Australia. Kwa walowezi ilikuwa ardhi ya malisho. Kwa wenyewe ulikuwa mwanzo wa kunyang'anywa. Hapakuwa na watoto wengi wa Kizungu karibu, hivyo Tom alikua akicheza na watoto wa Wadjab Wurrung. Alijifunza lugha yao, nyimbo zao na ngoma zao, jambo lililokuwa nadra kwa mtoto wa mlowezi.

Alipofika umri wa miaka 14 baba yake alimpeleka Uingereza, katika shule ya Rugby, ili arudi akiwa mwanasheria. Masomo hayakumvutia, lakini uwanjani aling'ara. Alikuwa nahodha wa timu ya kriketi ya shule na alicheza kandanda ya shule hiyo, iliyoruhusu kushika mpira na kukimbia nao. Desemba 1856 alirudi Melbourne akiwa na miaka 21, akiwa mmoja wa wachezaji bora wa kriketi ambao koloni hilo lilikuwa limewahi kuwaona.

Barua na kanuni kumi

Kriketi ni mchezo wa kiangazi. Majira ya baridi yalipofika, wachezaji wa Melbourne walikaa tu. Tarehe 10 Julai 1858 gazeti la michezo la Bell's Life in Victoria lilichapisha barua ya Wills. Alishauri wachezaji waunde klabu ya kandanda, pamoja na kamati ya kutunga kanuni zake, ili miili yao ibaki imara hadi kriketi itakaporejea.

Mwezi uliofuata, tarehe 7 Agosti, shule mbili za Melbourne, Scotch College na Melbourne Grammar, zilipambana katika bustani iliyo karibu na uwanja wa kriketi. Kila upande ulikuwa na wachezaji 40, na Wills alikuwa mmoja wa waamuzi. Mchezo uliendelea kwa Jumamosi tatu na ukaisha kwa sare ya bao moja kwa moja.

Mei 1859 Klabu ya Kandanda ya Melbourne iliundwa. Tarehe 17 ya mwezi huo Wills na wenzake, wakiwemo waandishi wa habari William Hammersley na James Thompson na mwalimu Thomas Smith, walikutana hotelini na kuandika kanuni kumi. Hawakukubaliana katika yote. Wills alipendelea mengi ya mtindo wa Rugby, lakini wenzake walitaka kanuni nyepesi zaidi, zinazowafaa watu wazima ambao Jumatatu walipaswa kurudi kazini. Kupigana mateke ya miguuni kulipigwa marufuku. Mchezaji aliyedaka mpira uliopigwa na mwenzake alipewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Kanuni ya kuotea haikuwekwa.

Kanuni hizo ziliandikwa miaka minne kabla ya zile za Chama cha Soka cha Uingereza. Kudaka mpira juu na kucheza bila kuotea bado ni uti wa mgongo wa mchezo huu, ambao leo huchezwa na watu 18 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai, katika uwanja wa duara dufu.

Oktoba 1861

Klabu ilikuwa bado changa pale Horatio Wills alipoamua kuhamia Queensland. Tom aliandamana naye. Msafara wa watu, magari ya ng'ombe na zaidi ya kondoo 10,000 ulisafiri kwa miezi mingi hadi mahali palipoitwa Cullin-la-ringo, katika nchi ya Wagayiri.

Tarehe 17 Oktoba 1861 Wagayiri walivamia kambi hiyo na kuua watu 19, wanaume, wanawake na watoto. Horatio alikuwa miongoni mwao. Tom aliponea chupuchupu kwa kuwa alikuwa ametumwa mbali kuleta mahitaji. Wanahistoria wengi huyahusisha mauaji hayo na kisasi: muda mfupi kabla, mlowezi jirani pamoja na askari walikuwa wamewaua Wagayiri kwa tuhuma za wizi wa mifugo.

Malipizi yalikuwa makubwa kuliko tukio lenyewe. Polisi na walowezi waliwasaka wenyeji wa eneo hilo kwa majuma mengi, na wanahistoria wanakadiria kwamba waliouawa walikuwa mamia. Majina ya waliokufa Cullin-la-ringo yalihifadhiwa. Wagayiri waliouawa hawakuandikwa popote.

Je, Tom Wills alishiriki? Barua zake za wakati huo zinaonyesha hasira na kiu ya kisasi. Mwaka 2021 yaliibuka makala ya gazeti moja la Chicago ya mwaka 1895, ambayo mwandishi wake, asiyetaja jina lake, alidai kwamba Wills alimsimulia jinsi alivyoshiriki mauaji hayo. Baadhi ya wanahistoria wanaipa makala hiyo uzito. Wengine wanasema ina makosa mengi mno na iliandikwa miaka 15 baada ya kifo chake. Swali halijafungwa.

Kocha wa wenyeji

Wills alirudi Victoria mwaka 1864 na kujiunga na Klabu ya Geelong. Miaka miwili baadaye alikubali kazi ambayo wengi hawakuitarajia: kuifundisha timu ya kriketi ya wachezaji wa Mataifa ya Kwanza, wengi wao wakifanya kazi katika mashamba ya mifugo ya magharibi mwa Victoria. Mtu ambaye baba yake aliuawa na wenyeji wa Queensland sasa aliishi, kusafiri na kucheza na wenyeji wa Victoria, akiwa nahodha wao.

Siku iliyofuata Krismasi ya mwaka 1866 timu hiyo ilicheza na Klabu ya Kriketi ya Melbourne mbele ya watazamaji wapatao 10,000. Ilishindwa, lakini umati uliishangilia, hasa kwa ajili ya Johnny Mullagh, ambaye jina lake la asili lilikuwa Unaarrimin. Safari iliyofuata ya kwenda Sydney iliishia katika deni na udanganyifu wa wakala, na baadhi ya wachezaji walifariki kwa maradhi. Mwaka 1868 wachezaji kadhaa wa kundi hilo walikwenda Uingereza na nahodha mwingine, Charles Lawrence. Hiyo ndiyo timu ya kwanza ya kriketi kutoka Australia kuzuru Uingereza. Ilicheza mechi 47, ikashinda 14, ikafungwa 14 na kutoka sare 19. Wills hakuwamo.

Kwa nini aliikubali kazi ile? Hakuacha maelezo. Huenda alihitaji pesa, huenda lugha na michezo ya utotoni ilimvuta. Waliokulia Kigali wanajua kwamba kiwanja cha michezo chaweza kubeba kumbukumbu nzito. Mwaka 1994 Uwanja wa Amahoro, ule ule wa jirani na Gisimenti, uliwahifadhi maelfu ya watu waliokimbia mauaji. Kriketi ya Rwanda nayo, iliyoletwa kwa sehemu kubwa na waliorejea kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, kwa miaka mingi ilichezwa Kicukiro, katika viwanja vya shule ya ETO, mahali ambapo wakimbizi waliachwa mikononi mwa wauaji baada ya askari wa Umoja wa Mataifa kuondoka. Matukio ya Rwanda na ya Queensland hayafanani kwa chanzo wala kwa ukubwa. Lakini katika nchi zote mbili watu walirudi kucheza, na kucheza huko hakukufuta kilichotokea.

Mwisho na urithi

Miaka ya mwisho ya Wills ilitawaliwa na madeni na pombe. Marafiki wa zamani walimkwepa, na vilabu alivyovitumikia vilimsahau. Tarehe 2 Mei 1880, akiwa na miaka 44, alijitoa uhai nyumbani kwake Heidelberg, pembezoni mwa Melbourne, siku moja baada ya kuondoka hospitali alikopelekwa kwa ajili ya ulevi. Alizikwa kaburini bila jiwe la jina. Kwa miongo mingi sifa ya baba wa mchezo alipewa binamu yake, H. C. A. Harrison. Jiwe la kaburi la Wills liliwekwa mwaka 1980, karne moja baada ya kifo chake.

Mjadala mwingine unahusu asili ya mchezo. Watu wa Mataifa ya Kwanza wa magharibi mwa Victoria walikuwa na mchezo wa marngrook, ambao mpira wake ulitengenezwa kwa ngozi ya mnyama, na wachezaji waliruka juu kuudaka. Wengi, hasa wazee wa jamii hizo, wanaamini kwamba Wills aliuona utotoni na kuchukua kitu kutoka humo. Wanahistoria wengine wanajibu kwamba hakuna hati yake hata moja inayoutaja. Kisichobishaniwa ni kwamba aliwafahamu watu waliokuwa na michezo yao kabla ya walowezi kufika, na kwamba kwa muda mrefu historia rasmi haikuona haja ya kuwauliza.

Klabu za Melbourne na Geelong bado zipo, na kila kiangazi mashabiki wake hupima nafasi zao upya. Katika ligi hiyo sasa wamo pia wachezaji wenye asili ya Afrika. Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, aliteuliwa mwaka 2021 katika kikosi bora cha msimu akiwa na Port Adelaide. Mchezo ulioanzishwa na mjukuu wa mfungwa, katika ardhi iliyotwaliwa, umefika mikononi mwa watoto wa wakimbizi. Anayetaka kuupenda mchezo huu na kuielewa nchi inayoucheza ana sababu ya kuyajua maisha ya Tom Wills yote, pamoja na sehemu ambazo sanamu haiwezi kuzionyesha.