Makhan Singh

Makhan Singh (27 Desemba 1913 – 18 Mei 1973) alikuwa kiongozi wa wafanyakazi na mpigania uhuru wa Kenya. Alizaliwa Gharjakh, wilaya ya Gujranwala, Punjab (leo nchini Pakistan).

Mwaka 1927 alihamia Nairobi, alikokuwa baba yake Sudh Singh, fundi seremala wa reli ambaye baadaye alifungua kiwanda cha uchapaji. Baada ya kumaliza shule, kijana huyo alifanya kazi katika kiwanda hicho.

Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, kikageuzwa kuwa Chama cha Wafanyakazi cha Kenya, kilichopokea watu wa rangi zote. Hilo halikuwa jambo dogo. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi katika mishahara, makazi na shule. Ulaya nako Wanazi walikuwa wamekwisha kuvunja vyama huru vya wafanyakazi tangu 1933, na mwaka huohuo wa 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia, jirani wa Kenya.

Mwaka 1937 chama kiliongoza mgomo wa siku 62 mjini Nairobi na kupata nyongeza ya mishahara. Jina nalo likabadilishwa kuwa la Afrika ya Mashariki, ili kazi yake ifike Uganda na Tanganyika. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Mwaka huohuo waligoma pia makuli wa Dar es Salaam na wa Tanga, bandari inayoanzia reli inayopita Same na chini ya milima ya Upare. Septemba vita ikaanza.

Singh alikwenda Uhindi mwishoni mwa mwaka huo. Mei 1940 alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Uingereza ilikuwa ikipigana na Hitler kwa jina la uhuru, lakini mtu aliyedai haki za wafanyakazi katika makoloni yake ilimfungia kambini Deoli. Mwaka 1942 aliachiwa, ila akakatazwa kutoka kijijini kwake hadi 1945.

Alirudi Kenya mwaka 1947, serikali ikajaribu kumfukuza nchini bila kufanikiwa. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika ya Mashariki, Kubai akiwa rais na Singh katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Singh alidai hadharani uhuru wa nchi za Afrika ya Mashariki. Wiki tatu baadaye wote wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma.

Mahakamani hakuficha kwamba alikuwa Mkomunisti. Kwa amri ya gavana alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol, akaachiwa Oktoba 1961, baada ya miaka kumi na moja na zaidi.

Baada ya uhuru hakupewa cheo serikalini. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952, iliyochapishwa mwaka 1969. Alifariki Nairobi.